Kitambaa Chekundu cha Mwalimu wa Ukutani

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo popote mlipo. Sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka mwanamke aliyefundisha Kiingereza kwa kompyuta, akiwa chumbani kwake. Majirani walimwita Mwalimu wa Ukutani.

Kwa nini ukutani? Waliopita dirishani walimsikia akicheka, akipiga makofi, akisema rudia tena, na chumbani hamna mtu. Wakanong'ona, jamani, huyu dada akili zimemruka, anafundisha ukuta! Kumbe wanafunzi wako ng'ambo, kila mmoja na nchi yake. Na Mwalimu mwenyewe juu kavaa koti la ofisini, chini suruali ya kulalia. "Mwanangu ni bosi mpaka kiunoni," mama yake alizoea kumtania.

Alikuwa na sheria mbili. Ya kwanza ya nyumbani. Akifunga kitambaa chekundu kwenye kitasa cha mlango, hakuna kugonga, hakuna kuita. Siku moja mama aliingia kuulizia chumvi, taulo kichwani, na darasa zima likamwona. Walicheka wiki nzima, lakini tangu hapo kitambaa kikaheshimiwa. Ya pili ya wanafunzi. Mtandao wa pale nyumbani ulikuwa wa kusuasua, picha inaganda kila mara. Akawaambia, "Mkiona nimeganda, msitoke. Subirini, nitarudi." Na kila mara alirudi.

Hadi Jumanne ile, saa nne asubuhi.

Mama yuko sebuleni, anakunja nguo. Kitambaa chekundu kipo mlangoni. Ndani, Mwalimu alishika kichwa, akalaza uso mezani, akatulia. Wanafunzi walikuwa saba. Wakadhani picha imeganda. Wakasubiri, kama walivyofundishwa.

Aliyeshtuka kwanza ni bibi wa miaka sabini, aliyekuwa akijifunza ili aweze kuongea na wajukuu zake. Aliona pazia nyuma ya Mwalimu linapepea. Picha haikuganda! Bibi akapiga kelele. Wote saba wakapiga kelele. Lakini Mwalimu alikuwa amevaa hedifoni. Zile sauti zote ziliishia masikioni mwake. Mama, ng'ambo ya mlango tu, hakusikia hata moja.

Na wao wangempigia nani? Mtaa hawaujui. Nyumba hawaijui. Walilijua pazia tu.

Mama aliniambia haya kwa mdomo wake. "Nilisikia kimya. Nikasema labda wanaandika. Niliinuka mara mbili. Mara ya pili nilishika kitasa, mkono ukagusa kile kitambaa, nikarudi kukaa. Mwanangu, nilirudi kukaa!"

Saa tano, muda wa somo ulipokwisha, akaingia. Alimvua hedifoni, akasikia vilio vyembamba vinatoka humo. Akatazama kioo cha kompyuta. Nyuso saba bado zipo. Hakutoka hata mmoja. Bibi yule alikuwa amebandika kiganja kwenye kioo chake, analia kwa lugha ya kwao.

Mshipa wa kichwani ulikuwa umepasuka. Mama alimuuliza daktari, ningeingia mapema angepona? Daktari akasema, "Mama, sijui." Neno hilo ndilo linalomtafuna mpaka leo. Angeambiwa ndiyo, angelia. Angeambiwa hapana, angepumua. Sijui haina dawa.

Mama yetu, pole. Pole sana. Nilitafuta la kukuambia, nikalikosa, na kazi yangu ni kusema. Nanyi saba, huko mliko, hata kama hamtuelewi, poleni. Mlipiga kelele mpaka mwisho. Mola amlaze Mwalimu pema.

Kitambaa bado kimefungwa pale mlangoni. Mama hajakigusa tena.

Wasikilizaji wapendwa, nina ombi moja tu. Kimya kikizidi nyumbani kwako, gonga. Umekatazwa? Gonga. Na ukifukuzwa, shukuru.