Kijiko cha Nyongeza

Wamama wenzangu, mkiniona nimesimama hapa bila kushikwa mkono, mshukuruni Mungu kabla hata sijaanza. Sitataja jina la mtu. Anayejijua anajijua.

Nyinyi wote mmekula chapati zangu pale mpakani. Nilizikaanga miaka kumi na moja kwa yale mafuta meupe ya kuganda. Tunayaheshimu sana hayo: ukienda kwa wakwe unabeba, ukienda kumwona mzazi unabeba. Simsim ya mama yangu kule Lunyo, ule ufuta wa kusaga, niliiona chakula cha shida.

Aliyeniuzia alikuwa rafiki yangu, tena mama wa ubatizo wa binti yangu. Kila Jumatatu ananipimia, halafu anachota kijiko kingine. "Hii nyongeza yako, dada. Wewe si mteja." Hiyo nyongeza nilipikia nyumbani. Ndugu zangu, nawaambia, nilikuwa naringa nayo!

Asubuhi moja nikisukuma chapati, kifua kikabana, mkono wa kushoto ukafa ganzi, jasho likanilowesha. Wakanikimbiza hospitali Tororo. Daktari akasema mshipa wa moyo umeziba. Akauliza presha, akauliza chakula. Nilipotaja yale mafuta akatikisa kichwa. "Mama, si hayo peke yake, lakini mafuta yanayogandishwa kiwandani namna hiyo yanaharibu mishipa. Acha kabisa."

Nilipopata nguvu, nikaenda kijijini Kwapa, nyumbani kwa rafiki yangu, kumwonya. Sikumkuta. Mama mkwe wake akaniwekea kunde za simsim, nikamweleza maneno ya daktari. Akashangaa. "Kwani hakukuambia? Hapa hatupiki na hiyo mafuta. Mwanangu aliugua moyo, daktari akakataza, sasa ni mwaka wa pili. Hiyo iko ya kuuza tu."

Mwaka wa pili! Na kila Jumatatu aliniongezea. Angekuwa adui ningeelewa. Kweli kikulacho ki nguoni mwako. Nilipompata rafiki yangu nikamuuliza, aliinamisha kichwa. "Dada, nikikuambia wewe, soko lote lingejua. Watoto wangu wangekula nini?" Niliumia kuliko siku ile ya kifua. Mpaka leo naumia, sitawadanganya.

Basi nikarudi nyumbani na hasira zangu. Ndoo yangu ya mafuta ilikuwa imebaki nusu. Ndugu zangu, sikuimwaga. Wiki mbili niliwakaangia nyinyi, mimi nikila kunde. Nawe mama uliyekaa pale mbele, nilikuwekea chapati ya nyongeza, kwa sababu nakupenda.

Hapo ndipo nilipojiona. Nisameheni.

Namshukuru binti yangu aliyeninywesha dawa, muuguzi aliyenifundisha kutembea polepole, na yule mama mkwe ambaye hakujua kuficha. Funzo langu ni moja: anayekuuzia chakula, muulize yeye anakula nini nyumbani kwake. Na mimi niulizeni.

Nimekuja na kikapu cha muhogo wa kuchemsha na simsim ya kusaga. Ndicho ninachouza sasa. Karibuni, lakini ngojeni kwanza. Leo nakula mimi, nyinyi mkiniangalia.