Yakamoz Yarudi kwa Tanga

Benchi la mbele ya mgahawa wa Rüştü, hapo bandarini Bozburun, pwani ya Uturuki, limekaliwa mpaka mbao zimebonyea, na siku yake hasa ni Jumamosi. Jumamosi ndiyo guleti, vile vyombo vya mbao vya kutembezea watalii, zinarudisha wageni wa wiki nzima, na kila moja inaingia ghubani kwa injini, tanga limekunjwa na kuvalishwa kifuniko kama kochi la wageni lisilokaliwa na mwenye nyumba. Huku kwetu ndivyo tulivyo: milingoti ni ya kupigia picha, mwendo ni wa dizeli. Ukiona guleti inakuja na tanga, jua injini imekufa. Sasa Jumamosi hii Muzaffer, fundi injini ambaye kijiwe kizima kinamwita Spana, alikuwa ameshanyoa, ameshanunua maua na chokoleti, na jioni ile alikuwa anakwenda kumposa Nurcan, binti wa Kapteni Cevdet. Na injini ya Yakamoz, guleti ya Kapteni Cevdet, aliifungua na kuifunga yeye mwenyewe, kwa mikono yake, kabla tu ya safari. Rüştü akatoka na sinia la kahawa, akatazama mdomo wa ghuba, akaganda.

— Jamani, ile si Yakamoz?

— Ndiyo yenyewe, akasema Muzaffer, moyo ukimruka kwa furaha, maana Nurcan ndiye mpishi wa chombo cha baba yake.

— Mbona imevaa nguo?

Wote wakageuka. Yakamoz ilikuwa inakuja na matanga yote juu, meupe, yamejaa upepo, kimya kabisa.

— Imekufa, akasema Fikret Sponji, mzamiaji mstaafu wa sponji za baharini ambaye ndiye mshenga wa jioni ile. Spana, umeiua injini ya mkweo.

— Sijaiua! Nilikaza kila bolti.

— Kila bolti?

Muzaffer alikumbuka bolti zote mpaka pale Nurcan alipopita na sahani ya tikiti. Baada ya hapo hakumbuki kitu.

— Haijafa leo, akadakia Ihsan, anayeitwa Utabiri kwa sababu kila siku anatabiri hali ya hewa, na kila siku inamuumbua. Imekufa Jumapili. Wiki nzima wamesukumwa na upepo tu, maskini. Wageni wenyewe walimu wastaafu kutoka Ankara!

— Chakula kimeisha Jumanne, akaongeza Rüştü. Wameshuka visiwani, wamekula mbuzi wa watu.

— Mbuzi gani! Wale walimu wamempindua kapteni, akasema Fikret. Wamemfunga kwenye mlingoti, mwalimu wa hesabu ndiye ameshika usukani. Angalia inavyokuja imenyooka, hivyo Cevdet hawezi.

— Acheni basi, nyie, Muzaffer akalalamika. Mtu nina posa jioni!

— Na mimi hapo ndipo nataka msaada, akasema Fikret. Nikishakaa kwa Cevdet naanzaje? "Kwa amri ya Mungu tumekuja kumposa binti yako, na samahani kwa injini"?

Walicheka mpaka Ihsan akamwaga kahawa. Muzaffer hakucheka. Mji wenyewe mdogo huu, fundi akiharibu jina hapa, ataenda kutengenezea nani? Na Nurcan ataolewa na nani? Na mwanamume mwingine? Loo!

Yakamoz ikafika karibu na gati. Tanga moja likashuka, la pili likashuka. Chombo kikabaki kinaelea, na sasa bila injini kisingeweza kurudi kinyumenyume mpaka gatini kufunga kamba, kama guleti zote zinavyofunga. Benchi zima likasimama. Muzaffer akafumba macho.

Injini ikaitika mara moja. Laini, bila kikohozi, bila moshi.

— Mashallah! akapiga ukelele Muzaffer, akamrukia Ihsan, akambusu kipara. Mmeisikia? Isikilizeni hiyo!

— Mimi nilijua, akasema Fikret.

Kamba zikafungwa. Walimu wakashuka wameiva kwa jua, wanaimba, wanambusu kapteni mashavuni kama ndugu yao. Kapteni Cevdet akaja moja kwa moja kwenye benchi, akachukua kahawa ya Rüştü bila kuomba, akaketi.

— Kaka Cevdet, akasema Rüştü, kama injini nzima, matanga ya nini?

— Muulizeni binti yangu. Kila tukishatoka bandarini, anakwenda kukalia mfuniko wa injini, anamenya biringanya. "Baba, upepo wote huu tunamwachia nani?" Walimu wanapiga makofi. Ningefanyaje? Nikapandisha. Na wallahi, nilikuwa nimesahau. Bahari inanyamaza, chombo kinalala upande kidogo, mnasikia maji tu. Mtu mzima mimi, machozi yalinitoka.

— Basi Nurcan anapenda matanga, akasema Ihsan.

— Nilidhani hivyo. Jana nikambana, akasema ukweli. "Baba, injini ikizimika safarini, utamkataa Muzaffer. Iache ipumzike mpaka posa ipite."

Kapteni akawatazama mmoja mmoja.

— Sasa nyie wenye akili za kukaa benchini, nisaidieni. Huyu mtoto anampenda sana Spana, au hamwamini hata kidogo?

Rüştü akaanza kukusanya sahani. Ihsan akatazama mawingu. Fikret, mshenga mzima, akachungulia ndani ya kikombe kitupu. Muzaffer alikuwa ametazama chombo, masikio yamemwiva mekundu, anacheka peke yake. Nurcan alikuwa amesimama sitahani na beseni la biringanya, naye anacheka.

— Basi njooni mapema, akasema kapteni. Tutamuuliza mwenyewe.