Goti Nililosema Limepona

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Naona wengine mmeshatoa simu mnirekodi. Naomba mzirudishe mfukoni kwanza. Video yangu moja bado mnayo, ile ambayo naruka mara tatu hapa mbele nanyi mnapiga makofi. Ndugu zangu, ushuhuda ule ulikuwa uongo. Leo nimemwomba Pasta anipe nafasi niufute, na haya magongo mnayoyaona si mapambo.

Kwa wageni, mimi ni Yosia wa mtaa wa Umbilo, mtoto wa Maman Furaha. Nilikuwa nacheza basketi kwenye timu ya chuo. Mwaka wa kwanza hatukulipwa kitu, tulipewa jezi, ndizi na maji. Lakini mtu akiumia, alitunzwa! Nilipoteguka kifundo cha mguu, fizio wa timu, yule mtaalamu wa kutibu viungo, mama mmoja mpole, alinikalisha mezani akaniuliza, "Inauma wapi?" Akabonyeza polepole mpaka nikapiga kelele. Alinizuia kucheza wiki sita na kocha hakunung'unika. Tena siku moja alinirudisha nyumbani kwa gari lake mwenyewe.

Mwaka uliofuata akaja mfadhili, tukaanza kulipwa kila mwezi. Tulishangilia! Nami sisemi malipo ni dhambi. Tulikuwa tunajaza ukumbi watu, kisha tunarudi nyumbani kwa miguu. Nilimwambia maman aache kazi ya saluni kule mtaa wa Point, kwa sababu miguu yake ilivimba kwa kusimama kutwa. Akaacha, akajisifu kwenu hapa kanisani, mnakumbuka.

Lakini mkataba ulisema mchezaji akikaa nje zaidi ya wiki mbili, malipo yanasimama. Tangu hapo chumba cha fizio kikawa kingine. Kocha naye alikuja akasimama mlangoni, na swali likawa moja tu: "Jumamosi utakuwa tayari?" Sisi wenyewe tukajifunza kuficha. Tulifungana bendeji chooni. Mwenzetu mmoja alicheza na kidole kimevunjika, tukamwita mwanaume. Fizio alitutazama tu, maana naye alilipwa na mfadhili yuleyule.

Jumamosi moja nilitua vibaya chini ya ringi, goti likalia mpaka nikalisikia. Daktari akaandika barua: kano imekatika, apasuliwe, apumzike miezi tisa. Miezi tisa! Nikamfikiria maman na miguu yake. Wiki ya pili ilipokaribia kwisha, nikaja hapa Jumapili, Pasta akaniwekea mikono. Pasta hana kosa, aliomba kwa imani. Mimi sikusikia chochote ila goti likinichoma. Nikajikaza kisabuni, nikaruka mara tatu huku nimeuma ulimi, nikapaza sauti, "Nimepona!" Mkalia kwa furaha, na jioni video ikawa kwenye simu zenu zote.

Jumatatu nilimpelekea kocha video hiyo. Aliitazama mara mbili, akacheka. "Eish, sharp, safi kabisa! Mungu wenu ana nguvu. Jumamosi unaanza."

Ndugu zangu, alijua! Barua ya daktari ilikuwa mezani kwake. Lakini video ilimfaa kuliko barua, na mimi nilijua hivyo ndiyo maana nikaipeleka.

Nilicheza mechi nne kwa sindano ya ganzi. Ya tano, goti likaenda upande wake na mimi upande wangu. Malipo yakasimama. Jezi yangu akapewa mwingine, na kocha hakupiga hata simu. Hospitalini wakaniambia nilivyoliharibu, hata nikipasuliwa nitachechemea maisha yangu yote. Maman akarudi saluni.

Sasa sikieni lililo zito. Siku moja nimekaa kwenye foleni ya hospitali, akasukumwa karibu yangu mama mmoja kwenye kiti cha magurudumu, mguu umefungwa bendeji. Kumbe ni Mama Riziki wetu, huyu wa safu ya pili, muuza vitenge. Mnajua ana sukari, na alikuwa na kidonda mguuni. Alifurahi sana kuniona!

"Mwana wangu! Niliangalia ile video yako, nikasema Mungu wa Yosia iko Mungu wangu pia. Nikaacha kwenda kliniki."

Walikuwa wamemkata vidole viwili. Halafu akayaona magongo yangu.

"Kumbe haukupona?"

Uongo mwingine ulikuwa umeshafika mdomoni, kwamba nilipona kweli, kisha nikaumia upya. Nani angejua? Lakini nilitazama ule mguu nikashindwa. Nikasema, "Hapana, mama. Sikupona hata siku moja."

Nilingoja anitukane. Alikuwa na haki. Aliutazama mguu wake. Kisha akaweka mkono kwenye goti langu, polepole, akauliza, "Inakuuma wapi?"

Tangu tuanze kulipwa, hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo! Nililia mbele ya foleni nzima, nikamwonyesha mahali. Hapo ndipo Mungu aliponifungua. Goti liko vilevile. Lililofunguka ni ulimi wangu.

Namshukuru Mungu, ingawa nashukuru nikiwa na huzuni. Vidole vya Mama Riziki havirudi. Kila Jumatano namsindikiza kliniki, tunakwenda polepole, viwete wawili. Timu bado inacheza, na najua vijana bado wanafungana bendeji chooni. Niombeeni nipate ujasiri wa kwenda kuwaambia haya.

Ndugu zangu, mtumainini Mungu! Yeye hakuulizi kama Jumamosi utakuwa tayari. Kama kuna mtu humu ndani anaumwa na anaficha, asije mbele akiruka. Aje akichechemea, aseme inauma wapi, tuombe naye, na kesho tumpeleke kwa daktari.

Sasa toeni zile simu. Itafuteni ile video, muifute nikiwa nimesimama hapa nawaona. Mama Riziki, anza wewe.