Abass Gedi na Ukurasa wa Themanini na Nane

Jumatatu tarehe 30 Juni 2025, saa kumi jioni, Mzee Abass Gedi atakabidhi funguo za mochari ya hospitali yetu baada ya miaka thelathini na mitatu na miezi miwili ya kazi. Jioni hiyo hiyo atatoa kitabu chake cha kwanza. Hajalala vizuri tangu kitoke kwa mpiga chapa, na makala haya yataeleza kwa nini.

Aliajiriwa Aprili 1992. Ndugu zake ni watu wa malori, kama baba yao, na hadi leo wakija kumwona huegesha nje ya lango na kumpigia simu atoke. Kaka yake mkubwa alimwambia siku ya kwanza, "Isiolo nzima ina mizigo ya kubeba, wewe ukachagua hiyo."

Kila asubuhi akifungua mlango husema, "Salaam aleikum," kisha huongeza, "na ninyi wengine, habari zenu." Nkirote wa maabara alimuuliza kama haogopi. Alijibu kwamba anangoja mmoja aitikie, siku hiyo astaafu mapema. Amefika miaka sitini na hakuna aliyemfanyia hisani hiyo.

Zamani alikuwa akileta anjera, ile mikate myembamba ya Kisomali, kutoka nyumbani kwa chai ya saa nne. Sahani ilirudi ilivyokuja, wiki baada ya wiki, mpaka akaacha kuileta. Tunamwomba radhi hapa kwa maandishi, kwa kuwa hakuna kati yetu aliyewahi kumwomba kwa mdomo.

Katika miaka yote hiyo hakuna familia iliyokabidhiwa maiti isiyo yake. Ni sifa kubwa katika kazi hii, na wakubwa wataitaja kwenye hotuba. Yeye mwenyewe ameniomba nisiikazie sana.

Rejista ya mochari ina nafasi ndogo. Mtu asiye na mwenyewe huandikwa: mwanamume, asiyejulikana, miaka fulani hivi. Mzee Abass aliona maneno hayo ni machache mno kwa mtu mzima. Kuanzia 1994 alinunua daftari lake la shule na kuandika mengine: kifungo kilichobadilishwa, fundo la leso, kilichokuwa mfukoni. Aliandika pia mahali kila mmoja alipozikwa katika makaburi ya umma. Madaftari yakawa nane, na watu mia mbili na kumi na wawili. Mwaka jana aliniletea niyachape. Mbaabu, mpiga chapa wa Meru, alitoa nakala mia tatu tarehe 2 Juni. Kitabu kinaitwa *Walivyovaa*.

Nilidhani atafurahi. Maboksi yakakaa ofisini kwake chini ya turubai, na hakutaka yafunguliwe. Nilipomuuliza, alisema waandishi wengine huomba wasomaji wawe wengi. "Mimi namwomba Mungu kila anayekisoma afike mwisho aseme, hapa hakuna mtu wangu. Lakini kama hakuna atakayemwona mtu wake, niliandika kwa nini?" Alikuwa akilikunja na kulikunjua turubai kwenye pembe.

Kulikuwa na msomaji mmoja aliyemjua kwa jina.

Mama Akuam wa Ngare Mara alikuja mochari mwezi Oktoba 2009. Mwanawe Lochoro, wa miaka kumi na tisa, alikuwa ametoka nyumbani kwenda kutafuta kibarua mashambani Rapsu, na hakufika. Mzee Abass alimuuliza umri, akapitisha kidole kwenye rejista, akamwambia mtoto wake hayuko, huenda yuko hai. Mama alishukuru. Tangu hapo alirudi kila Oktoba na chupa ya maziwa ya mbuzi, akauliza, wakanywa chai nje ya mlango, akaondoka. Alikuwa akiwaambia watu kwamba katika ofisi zote za Isiolo ni huyu tu aliyempa kiti.

Oktoba mwaka jana, wakingoja chai ichemke, mama alivua akala yake, kiatu cha mpira wa tairi, akatoa shazia, sindano nene ya magunia, akaanza kushona ukanda uliokatika. Alitumia uzi wa gunia wa buluu, na kila baada ya mishono mitatu alipiga fundo. Mzee Abass aliwahi kuuona mshono huo, naye aliuandika. Ni ukurasa wa themanini na nane: mwanamume aliyeokotwa kando ya barabara ya Garbatulla, amekaa juani siku nne, akala ya kushoto imeshonwa uzi wa gunia wa buluu, fundo kila mishono mitatu. Aliyejaza fomu alikisia miaka arobaini. Siku mama alipouliza mara ya kwanza, mwaka 2009, Lochoro alikuwa katika jokofu la pili, na alikaa humo siku kumi na moja zaidi kabla ya kuzikwa na serikali.

Mzee Abass hakusema neno siku hiyo. Alikaa nalo miezi minane. Aliniambia angeweza kuung'oa ukurasa huo na hakuna ambaye angejua, na kwamba aliwahi kushika rula ya kuukatia.

Jumamosi tarehe 14 Juni tulikwenda Ngare Mara. Mama hasomi; Mzee Abass alifungua kitabu penye ukurasa huo akanipa, nikasoma mimi. Mama alisikiliza akiwa amesimama kando ya magunia yake ya makaa.

"Rudia hapo pa uzi," aliniambia.

Nikarudia. Alimgeukia Mzee Abass, baba wa Naimo.

"Baba Naimo, wewe uliniuliza miaka. Hukuniuliza viatu."

"Sikukuuliza, Mama Lochoro."

"Miaka kumi na mitano nakuletea maziwa."

Hakumlaani, wala hakumsamehe. Alisema ukurasa ubaki, ila mwanawe si mtu wa miaka arobaini, na ana jina. Kisha akataka kuonyeshwa alipolala.

Nakala zilikuwa zimeshachapwa. Wiki mbili zilizofuata Mzee Abass alifungua maboksi yote, na katika kila kitabu alikata "arobaini hivi", akaandika kwa kalamu "kumi na tisa", na juu yake "Lochoro". Mara mia tatu, kwa mwandiko ule ule. Mtakaochukua kitabu Jumatatu mtaona wino huo. Msidhani ni kosa la mpiga chapa.

Vigingi vya chuma vya makaburi viling'olewa zamani na waokota vyuma. Kilichobaki ni daftari: hatua ishirini na mbili kutoka nguzo ya kona, kisha tisa kuelekea mlima. Jumanne asubuhi, siku yake ya kwanza ya kustaafu, atazihesabu mbele ya mama.

Mzee Abass, asante kwa kuwasalimia wasioweza kuitikia, na kwa kutuachia wino wako mahali ambapo wengi tungeacha karatasi nyeupe. Tunakutakia afya, usingizi, na watu watakaoipokea anjera yako. Na Jumanne tunakutakia hatua zako ziwe na urefu ule ule ziliokuwa nao mwaka 2009.

Nasteha, Idara ya Kumbukumbu