Bihogo Hataki Maji ya Pipa

Kijiwe chetu hapa Rugera kiko mbele ya duka lililofungwa tangu mwenyewe ahamie Kibingo, na benchi lenyewe ni gogo lililolazwa juu ya matofali. Mama Mackrine anachemsha kahawa pembeni, sisi tunachemsha maneno. Gaudiosus tunamwita Redio, kwa sababu hazimwi. Jovitus aliwahi kumbebea begi daktari wa mifugo siku moja tu, basi tangu hapo ni Daktari, na ukimwita anaitika. Mimi ni msikilizaji, ingawa mke wangu hakubali. Asubuhi hiyo mzee Byarugaba alifika amenuna, akakataa kahawa, na kwetu Wanyambo mtu akikataa kahawa watu wanaanza kuulizana kulikoni.

Mackrine: Byaru, nani amefariki?

Byarugaba: Bado hajafa. Ila Bihogo anaondoka leo. Saa nane lori la mnada linampitia.

Hapo tulishtuka. Bihogo, mwekundu yule mwenye pembe ndefu, ndiye wa mwisho katika uzao wa ng'ombe wa marehemu baba yake, tena ana mimba ya miezi saba.

Byarugaba: Wiki ya tatu hii hataki maji ya pipa. Akigusa kwa mdomo tu, anaruka nyuma kama kaona chui. Nikimpelekea ndoo ya plastiki kule malishoni anakunywa, lakini mimi na mgongo wangu huu nitabeba ndoo ngapi? Amekonda mpaka nashindwa kumtazama. Heri aondoke kuliko afe mbele yangu.

Nilimwonea huruma, lakini kijiwe hakina dawa ya huruma, kina dawa ya kubisha.

Daktari: Hayo ni meno. Maji ya baridi yanamchoma jino la nyuma.

Redio: Meno gani, na ya ndoo anakunywa? Tatizo ni sura yake. Anajiona ndani ya pipa, anadhani umeoa ng'ombe wa pili. Ni wivu huo!

Mackrine: Pipa lenyewe ulilitoa wapi?

Byarugaba: Kwa Polikarpi. Lilikuwa la kuchachushia rubisi, nikalikata nusu.

Mackrine: Basi kwisha. Wewe Mlutheri, ng'ombe wako Mlutheri, unamnywesha kwenye pipa la pombe?

Redio: Mama, Walutheri wa hapa nawajua. Wangekuwa wanakataa mapipa ya rubisi, Polikarpi angefunga biashara.

Tulicheka, hata Byarugaba akacheka kidogo, kisha akakumbuka lori akatazama jua.

Redio: Nisikilizeni. Ni ule mnara wa simu kule kilimani. Mazungumzo ya watu yanapita hewani, yakichoka yanatua kwenye maji. Bihogo akiinama kunywa anasikia siri za Nyakakika nzima. Ungekuwa wewe ungekunywa?

Daktari: Kitaalamu hilo linawezekana.

Wakati huo pikipiki ilikuwa imesimama. Alishuka binti mwenye begi la vifaa na bisibisi mfukoni.

— Shikamooni wazee. Naomba kahawa, mama.

— Marahaba, mwanangu. Wewe ni wa wapi?

— Nyakakika. Naitwa Atuhaire, ni fundi umeme. Nakwenda kufunga nyaya kanisani.

Alikunywa akisikiliza, akitabasamu tu. Redio alikuwa amefika kwenye nadharia ya samaki kuingia kwenye tangi.

Atuhaire: Mzee, samahani. Maji yanaingiaje kwenye pipa?

Byarugaba: Pampu ya umeme, mwanangu. Inavuta kutoka tangi la mvua, inapitisha kwenye bomba la chuma mpaka pipani. Kazi safi, fundi aliweka kila kitu.

Atuhaire: Na watu wakigusa pipa?

Byarugaba: Mimi na gambuti zangu sijawahi kuona kitu. Mke wangu, Mama Ankunda, ndiye analalamika. Akiliosha pekupeku anasema linamtekenya mpaka kwenye kiwiko. Nikamwambia hiyo malaria, anywe dawa.

Binti aliweka kikombe chini. Hakuwa anatabasamu tena.

Atuhaire: Fundi wako lazima alipigilia nondo ya shaba ardhini karibu na ukuta, ikafungwa waya wa kijani na njano. Iko wapi?

Byarugaba alikuna kichwa.

Byarugaba: Ile? Ilikuwa imekaa bure tu ardhini. Kiangazi nilitaka kigingi cha kumfungia Bihogo malishoni, nikaing'oa. Chuma kizuri sana. Halafu Daktari akaiazima.

Daktari: Nilitoboa mashimo ya miche ya kahawa. Nikampa Redio.

Redio: Mimi nilisimamishia antena, nikairudisha kwa Byaru.

Byarugaba: Haijarudi!

Redio: Niliiacha migombani kwako!

Daktari: Migombani upande upi?

Hakuna aliyejua. Watatu walitazamana, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, Redio alizimika.

Atuhaire: Wazee, umeme ukivuja kwenye pampu unatafuta ardhi. Ile nondo ndiyo njia yake. Mmeing'oa, sasa unapita kwenye bomba, kwenye pipa, halafu kwenye mdomo wa ng'ombe uliolowa na miguu yake isiyo na gambuti. Leo unatekenya. Pampu ikiharibika zaidi, unaua. Nyumbani sasa hivi yuko nani?

Byarugaba alisimama. Alikosea namba mara mbili, nikampigia mimi, nikaweka sauti kubwa.

Byarugaba: Mama Ankunda! Kemilembe mke wangu! Usiguse pipa!

Kemilembe: Unapiga kelele za nini? Nimezima swichi kubwa tangu ulipotoka. Wiki tatu nakwambia pipa linanipiga, wewe unaniletea vidonge.

Byarugaba: Uko mzima?

Kemilembe: Mzima. Tena lori likija nalirudisha, usibishane nami. Bihogo amekunywa pipa lote, anayalamba mabaki. Sasa pampu imezimwa na mimi sibebi maji. Njoo uchote.

Byarugaba alikaa tena kwenye gogo, akafuta macho kwa kiganja bila kujificha. Atuhaire alimwambia asiwashe swichi mpaka atakaporudi jioni kutoka kanisani kuitengeneza pampu na kupigilia nondo nyingine ardhini, na kwamba safari hii asimwazimishe mtu. Kisha tuliondoka wote kwenda kwa Byarugaba, na kila mmoja wetu alibeba ndoo.