Marehemu Rukaiya Bakary, Aliyekataa Taa ya Katikati ya Dari

Bismillahi. Ninayesoma ni Bilali, mdogo wake marehemu. Nimeombwa nisome kwa upole, nitajaribu.

Dada Rukaiya alizaliwa tarehe 14 Machi 1963, Mbekenyera, Ruangwa, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Bakary Saburi, mkulima wa ufuta na korosho. Alisoma shule ya msingi hapohapo kijijini, akamaliza darasa la saba mwaka 1977.

Mwaka 1984 aliolewa na Hemedy Yunusi, ambaye alitangulia mbele ya haki mwaka 2018. Walihamia Nachingwea, na dada akaanza kushona sare za shule, mashuka na magauni ya harusi. Watu wazembe hakuwavumilia.

Umeme ulipoingia nyumbani kwao mwaka 2009, fundi alikuja na mazoea ya wenzake wote: toboa katikati ya dari, ning'iniza taa, chukua chako, ondoka. Dada akamteremsha kwenye ngazi.

"We fundi, mimi nashonea darini? Taa hiyo itanipiga kisogoni, kivuli chote kiangukie kitambaa."

Akaagiza taa zikae ukutani: ubavuni mwa cherehani, juu ya jiko, usawa wa mkeka, na nyuma ya kitanda. Majirani walicheka, wakasema nyumba haina taa. Walisema hivyo wakiwa wamekaa humohumo ndani, wanachambua mchele na kuona kila kijiwe. Hao nao wamekuja leo. Karibuni, wali upo.

Januari 2025 dada alianguka, akavunjika nyonga. Adinani, mdogo wa marehemu Hemedy, akamchukua kwake Mbwemkuru, akisema kwake kuna nafasi. Kilichokuwapo ni taa ya mikono mingi aliyoinunua Dar es Salaam msimu korosho zilipopanda bei, ikaning'inizwa katikati ya sebule. Mgonjwa akalazwa chali chini yake. Aliomba izimwe, akajibiwa, "Shemeji, watu watasema tunakuuguza gizani." Mtu aliyelala chali atayapeleka wapi macho yake? Shamimu, binti wa dada, akawa anamfunika uso kwa kanga, na wageni wakawa wanaisalimia kanga na kuisifia taa. Upuuzi ule bado unanikera.

Mwezi Mei nilikodi gari, nikamrudisha Nachingwea. Shamimu akawasha taa ya nyuma ya kitanda. Dada akatutazama mmoja mmoja, akasema, "Kumbe mmekonda hivi! Kule nilikuwa nasikia sauti zenu tu." Nililia mbele ya wanangu.

Alifariki Alhamisi, tarehe 19 Juni 2025, alasiri, kitandani kwake, macho yakiwa wazi.

Ameacha watoto wawili, Shamimu na Ismaily, wajukuu, mimi mdogo wake, na shemeji yetu Adinani, ambaye taa yake inaendelea vizuri.

Mwenyezi Mungu alitie nuru kaburi la dada yangu, na nuru hiyo imjie ubavuni, isimpige machoni. Amin.