Mahindi ya Mlimani Yanachelewa Kuiva

— Mwalimu analipwa afundishe, halipwi aulize. Nikitaka mtu wa kuniuliza maswali, ninaye mke wangu.

— Wewe Spea, unasumbuliwa na daftari jeupe tu.

— Muhula mzima wa fizikia, kurasa mbili. Leo hii namhamisha Irine.

Kijiwe chetu hapa Kaloleni ni benchi moja lililoegemea ukuta wa chumba ambamo mama na mimi tunauza kahawa. Elimringi tunamwita Spea kwa sababu, tangu milango ya biashara ifunguliwe, anauza vipuri vya magari ya Kijapani. Mzee Lemburis, muuza nyama, ni Profesa. Aliwahi kulinda geti la chuo kule Makumira. Hans, fundi saa, anaitwa Kesho, na ukimpelekea saa yako utajua kwa nini. Spea alikuwa njiani kwenda kumhamisha binti yake kabla ofisi ya shule haijafungwa. Mimi niliomba kimoyomoyo achelewe. Nilikomea kidato cha pili mama alipougua, na fizikia yangu siku hizi hunijia jioni, Irine anapopita na swali la siku hiyo. Mwalimu wao, Aminiel, haanzi na kanuni. Anatoa tatizo, wanafunzi wanahangaika nalo, kanuni inafuata baadaye.

— Kijana wangu Oscar, anayesoma na Irine, zamani alikariri kanuni ya nyenzo kama Baba Yetu, alisema Profesa. Mkokoteni ukikwama anausukuma kwa mdomo. Siku hizi anatafuta mti wa kuunyanyulia.

— Mtihani wa taifa hauna mkokoteni.

— Swali la leo lilikuwa lipi? aliuliza Kesho.

Spea alilitaja kwa dharau. Mahindi ya loshoro, yale ya kuchanganya na mtindi: gunia moja, sufuria moja, kuni zilezile. Kwa nini kwa bibi yake Irine, juu mlimani Meru, yanachelewa kuiva kuliko hapa mjini?

— Rahisi, alisema Profesa. Maji ya kule ni ya baridi, yanaingia motoni kama mgeni. Na wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

— Jembe linaingiaje kwenye sufuria?

— Ndiyo maana yanachelewa.

Kesho alitikisa kichwa.

— Jiko la mlimani limeinama, bwana. Moto wote unateleza chini kuelekea Kisongo, sufuria inabaki na moshi.

— Basi watu wa Kisongo wangepika bila kuni, alisema Spea, akaketi. Nikamwongezea kahawa upesi. — Nyie hamjui. Mlima una uzito. Unavuta mahindi chini, yanajibana. Nati iliyokaza haipitishi hata mafuta, itapitisha maji?

— Na ng'ombe wa mlimani? Mbona nyama yao haijibani?

— Inajibana sana. Waulize wanaonunua kwako.

Manyunyu yakaanza. Wakaingia ndani na vikombe vyao, Spea akichora mlima juu ya meza kwa kidole alichochovya kwenye kahawa. Alikuwa amefika kileleni Irine alipoingia na sare zake.

— Shikamooni. Baba, mkuu wa shule amekungoja mpaka amefunga ofisi.

— Marahaba. Hebu njoo uone hapa.

Akamweleza habari ya nati yote. Irine alisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu.

— Baba, kati yenu nani amewahi kuyachemsha hayo mahindi?

Profesa akachungulia kikombe chake. Kesho akanitazama mimi. Mimi nimeyapika hapa tu, mlimani sijawahi, nikainamia mkaa.

Spea akamwomba mama sufuria ya kuazima na mahindi. Akayagawa mafungu mawili, moja akaniachia mimi nilichemshe hapa asubuhi, la pili akalitia kwenye mfuko wa koti. Alipofika mlangoni akageuka.

— Irine, mwambie mkuu kesho asinisubiri. Nakwenda kwa bibi yako kupika.